Mali bila Daftari: Umeme wa Motokaa za Kwanza katika Njia ya Kiboko

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa, akisha kupita Sultan Hamud, Emali na Simba, hufika mahali paitwapo Kiboko, karibu na Makindu. Pana mto hapo wenye jina hilo hilo. Maji yake hutoka katika chemchemi zilishwazo na mvua inyeshayo juu ya vilima vya Chyulu, ikapenya katika mawe ya volkano, ikaibuka chini baada ya safari ndefu gizani. Nchi iliyouzunguka mto huo ni kavu, yenye migunga na vumbi jekundu. Ni nchi ya Wakamba, katika Kaunti ya Makueni ya leo, na umbali wake kutoka Nairobi ni kama kilomita 160. Siku hizi gari hukata masafa hayo juu ya lami kwa muda wa saa chache, na abiria aliyesinzia huenda asijue ya kwamba Kiboko amekwisha kuipita.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika miaka ya 1920 na 1930 njia hii ilikuwa ya udongo, yenye mashimo wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Dereva aliyeshikwa na usiku hapo alitegemea taa za motokaa yake, na taa zilitegemea umeme. Petroli aliweza kuipima kwa kijiti ndani ya tangi. Maji ya rejeta aliyaona kwa macho. Upepo wa magurudumu aliujua kwa mguu wake. Lakini umeme hauonekani, hauna rangi wala harufu, na huisha kimya kimya. Watu walijifunzaje kuupima? Jibu la swali hilo ni sehemu ya historia ya motokaa ulimwenguni, nalo ni sehemu ya historia ya njia yetu pia, kwa sababu hapa kosa la kutopima lililipwa kwa usiku mzima porini.

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko motokaa. Katika karne ya 19 Wakamba walikuwa wafanya biashara mashuhuri, na misafara yao ya pembe za ndovu ilishuka mpaka pwani. Mmoja wa wakuu wao, Kivoi, ndiye aliyempokea Kitui mmisionari Ludwig Krapf, ambaye aliuona Mlima Kenya kutoka huko mwaka 1849. Katika miaka ya 1890 Waingereza walikata njia ya magari ya kukokotwa kutoka pwani kwenda bara. Lakini nchi ya Kibwezi na Makindu ilikuwa na adui mdogo ambaye hakushindwa na bunduki: mbung'o. Ng'ombe, punda na farasi waliopitishwa hapo walikufa kwa wingi. Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na Ziwa Victoria mwaka 1901. Iliwaondolea taabu wale waliokaa karibu na stesheni. Aliyekaa mbali aliendelea kujitwika mzigo kichwani. Kwa hiyo motokaa ilipokuja haikuwa anasa tu. Ilikuwa mnyama wa kwanza wa mizigo asiyeuawa na mbung'o.

Mnyama huyo hakuzoea nchi hii kwa siku moja. Magari ya kwanza yaliyoletwa Kenya mwanzoni mwa karne ya 20 yalikuwa machache, na kwa kawaida yalizunguka mjini na katika viunga vyake. Mwaka 1926 L. D. Galton-Fenzi, mmoja wa viongozi wa chama cha wenye magari katika Afrika ya Mashariki, aliendesha gari kutoka Nairobi mpaka Mombasa, safari ambayo ilihesabiwa kuwa imeifungua njia hiyo kwa motokaa. Nguzo ya kumkumbuka imesimama katika barabara ya Kenyatta, Nairobi. Mwaka huo huo wa 1926 Masingasinga wa reli walijenga hekalu lao Makindu, ambapo mpaka leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula na mahali pa kulala. Njia ndefu isiyo na msaada huwafundisha watu ukarimu. Huwafundisha pia kujitegemea.

Ili tujue hatari ya giza katika nchi hiyo, inatosha kukumbuka jambo moja. Kati ya mwaka 1944 na 1946 mwindaji J. A. Hunter, ambaye baadaye alijenga hoteli Kiboko, alitumwa na serikali ya wakati ule kuondoa vifaru katika ardhi ya Makueni ili watu wapewe makazi. Aliua zaidi ya 900. Leo tunasikitika kwa hesabu hiyo. Lakini yatuonyesha jinsi wanyama hao walivyokuwa wengi katika vichaka ambavyo motokaa za miaka ya nyuma zilipita usiku. Dereva asiyekuwa na taa hakuwa na budi kusimama na kungoja alfajiri.

Sasa tuutazame umeme wenyewe. Mwaka 1831 Michael Faraday, Mwingereza aliyekuwa mwana wa mhunzi, alionyesha ya kwamba sumaku ikipitishwa karibu na waya uliosokotwa, umeme hupita katika waya huo. Maarifa haya machache ndiyo mzizi wa mashine zote tutakazozitaja. Injini ya petroli haiwezi kufanya kazi bila cheche ya kuwasha mvuke wa petroli ndani ya silinda, na cheche hiyo ni umeme. Magari mengi ya zamani yaliipata kwa magineto, yaani sumaku na waya vinavyozungushwa na injini yenyewe. Mwaka 1902 kiwanda cha Robert Bosch huko Stuttgart, Ujerumani, kwa ustadi wa mhandisi wake Gottlob Honold, kilitoa magineto ya nguvu nyingi iliyofaa kwa plagi, nayo ikaenea pote.

Gari lililoenea kuliko yote katika zama hizo lilikuwa Ford Model T, lililotengenezwa Marekani kuanzia mwaka 1908 mpaka 1927, na hesabu yake ikapita 15,000,000. Gari hilo lilikuwa na sumaku 16 zilizofungwa juu ya gurudumu zito la injini. Injini ilipozunguka, sumaku zilipita mbele ya waya uliosokotwa, na umeme ukapatikana. Betri haikuwa ya lazima. Dereva alipiga hendeli kwa mkono, injini ikawaka, akaenda zake. Katika magari ya mwaka 1915 taa za mbele nazo zilianza kupewa umeme huo huo wa magineto.

Hapo ndipo tunapokiona kipimo cha kwanza cha umeme wa motokaa, nacho ni jicho la dereva. Injini ilipokwenda kasi, taa ziling'aa. Ilipokwenda polepole, zilififia. Msomaji ataona upungufu wake mara moja. Dereva alipoteremka korongoni polepole kwa kuogopa mawe, mahali ambapo mwanga ulihitajiwa zaidi, ndipo mwanga ulipomwacha. Ili auone mto alilazimika kuikimbiza injini. Na akizidisha, taa ziliungua. Hata hivyo jicho lilikuwa kipimo cha kweli kwa kiasi chake. Mwanga uliofifia na hali injini yaenda kasi ulikuwa habari kwamba sumaku zimechoka, au waya umelegea mahali fulani.

Badiliko kubwa lilikuja kwa sababu ya hendeli. Kazi ya kuizungusha ilikuwa nzito, tena ya hatari, maana injini iliporudi nyuma ghafula iliweza kuvunja mkono. Mwamerika Charles Kettering alitengeneza starta ya umeme, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakauzwa nayo. Lakini starta hutaka umeme kabla injini haijazunguka, kwa hiyo umeme hauna budi kuwekwa akiba. Chombo cha akiba kilikuwa kimekwisha kupatikana: betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Vyumba vitatu vya betri hiyo hutoa volti 6. Vyumba sita hutoa volti 12. Ford Model T nayo ilianza kupata starta, betri na dainamo mwaka 1919.

Betri haitengenezi umeme wa kudumu. Hutunza tu ilichopewa. Mpaji wake ni dainamo, ambayo ni waya uliosokotwa ukizungushwa na injini katikati ya sumaku, na umeme wake hutolewa kwa vipande vya kaboni viitwavyo brashi. Haba na haba hujaza kibaba: mwendo wa mchana hurudisha kilichotumika usiku na kilichokuliwa na starta. Hapo gari likawa kama nyumba yenye ghala. Kuna kiingiacho, kuna kitokacho, na kuna kibakicho. Wahenga walisema ya kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Kuanzia siku hiyo motokaa ilihitaji daftari.

Tatizo la dainamo za kwanza lilikuwa kwamba nguvu zake huongezeka kadiri injini inavyoongeza mwendo. Ili kuzizuia, magari mengi ya miaka ya 1920 yaliwekwa brashi ya tatu, ambayo fundi aliweza kuisogeza kidogo mbele au nyuma ili kupunguza au kuongeza mkondo wa umeme. Ilikuwa dawa nyepesi na rahisi, lakini haikuwa na akili ya kutambua kama betri imejaa au ina njaa. Gari la mjini, lenye kusimama kila mara na kupiga starta mara nyingi, lilipungukiwa na umeme. Gari la safari ndefu ya mchana, kama ile ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa, lilishindiliwa umeme kupita kiasi: betri ilichemka, maji yake yakapungua, sahani zake zikaharibika. Dereva mwenye busara alifanya jambo lililowashangaza watu wa kando ya njia: aliwasha taa wakati wa jua kali. Hakuwa mpumbavu wala mwenye kujionyesha. Alikuwa akipunguza shibe ya betri yake.

Kati ya dainamo na betri palikuwa na mlinzi, chombo kidogo ambacho mafundi wa huku walikiita katauti. Dainamo ikiwa na nguvu kuliko betri, katauti hufunga njia na kuruhusu umeme uingie. Injini ikisimama au ikienda polepole mno, hufungua, ili umeme wa betri usirudi nyuma na kumwagika ndani ya dainamo. Ncha zake zikigandamana, betri huisha gari likiwa limesimama. Ncha zikiwa chafu au chemchemi yake ikiwa ngumu mno, hakuna kitu kiingiacho, ingawa dainamo ni nzima. Vumbi jekundu la Ukambani lilikuwa adui wa ncha hizo na wa brashi vilevile.

Daftari lenyewe lilikuwa ameta, saa ndogo iliyokaa mbele ya dereva, yenye mshale usimamao katikati. Mshale ukienda upande mmoja, umeme waingia katika betri. Ukienda upande wa pili, watoka. Kipimo cha dereva kilikuwa chepesi, na kila mwanafunzi anaweza kukielewa. Kwanza, injini imezimwa, washa taa: mshale sharti uelekee upande wa kutoka. Usipoelekea huko, ama taa haziwaki, ama ameta yenyewe ni mbovu, wala haifai kuaminiwa. Pili, washa injini na uiongezee mwendo kidogo kidogo: mshale sharti urudi, uvuke katikati, uelekee upande wa kuingia. Tatu, zima injini na taa: mshale sharti usimame katikati kabisa. Ukibaki upande wa kutoka, kuna mwizi ndani ya nyumba. Aghalabu ni katauti iliyogandamana, au waya uliochubuka. Vipimo hivyo vitatu vilichukua muda mfupi kuliko kufunga mzigo.

Tufanye hesabu, maana historia ya mashine bila hesabu ni hadithi ya nusu. Tuseme dereva amefika Kiboko saa kumi na mbili jioni na anataka kulala Nairobi. Tuseme taa zake na vitu vingine vyatumia ampea 8, na betri yake, ambayo si mpya, ina akiba ya ampea-saa 40. Dainamo yake imekufa tangu asubuhi, wala hana habari. Ukigawanya 40 kwa 8 utapata saa 5. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, katika saa 5 atakwenda kilomita 150. Nairobi ni kilomita 160. Kwa hesabu ya kalamu ataishiwa mwanga akiwa amekaribia mji. Kwa kweli yenyewe ataishiwa mapema zaidi, kwa kuwa taa hufifia betri ingali haijakauka. Je, habari hiyo angeweza kuipata lini? Angeweza kuipata asubuhi, kabla hajaondoka, kwa kutazama mshale mmoja.

Hapa pana fundisho lililowakosea wengi. Katika gari la magineto, injini haina haja ya betri wala dainamo ikisha kuwaka. Dainamo ikifa saa tatu asubuhi, gari litaendelea kunguruma mchana kutwa kana kwamba halina ugonjwa. Dereva akiulizwa kama umeme wake ni mzuri, atajibu, "Huoni gari linakwenda?" Jibu hilo si ushahidi. Kwenda kwa gari kulithibitisha afya ya magineto. Hakukuthibitisha afya ya dainamo. Jua lilipozama ndipo ukweli ulipotokea, na wakati huo haukuwa na faida. Mficha maradhi, kifo humfichua. Na asiyepima ni sawa na mficha maradhi, hata kama hakukusudia.

Kisha mambo yakawa mazito zaidi. Mwisho wa mwaka 1927 kampuni ya Ford ilitoa gari jipya, Model A, ambalo cheche yake ilitokana na betri na koili, si magineto. Magari mengine mengi yalikuwa na mpango huo huo. Sasa dainamo ilipokufa haikuua taa peke yake. Betri ilipokauka, injini nayo ilizimika. Zamani ukosefu wa chaji ulimnyima dereva usiku. Sasa ulimnyima safari yote. Haja ya kupima ikaongezeka maradufu.

Vipimo vya karakana navyo vikaendelea. Fundi aliyeitoa dainamo katika injini aliweza kuipa umeme wa betri na kuitazama. Dainamo nzima, ikipewa umeme, huzunguka yenyewe polepole bila kusitasita, kwa kuwa mashine igeuzayo mwendo kuwa umeme huweza pia kugeuza umeme kuwa mwendo. Isipozunguka, au ikishtuka na kusimama, ina kasoro ndani. Baadaye, dainamo zilipokuwa na ncha mbili na kidhibiti cha umeme kando yake, fundi alitumia voltimita. Aliondoa waya za kawaida, akaziunganisha ncha zote mbili kwa waya mfupi, akaweka voltimita kati ya ncha hizo na mwili wa gari, kisha akaendesha injini bila kuikimbiza. Volti zikipanda upesi na kwa utulivu, dainamo haina hatia. Kosa litafutwe katika kidhibiti au katika waya. Zisipoonekana kabisa, brashi zitazamwe kwanza. Ikionekana volti kama moja tu, waya wa sumaku unashukiwa. Zikifika karibu nusu ya zile zipasazo, unashukiwa ule waya unaozunguka. Ni kama hakimu aulizaye maswali machache yaliyochaguliwa vizuri, na kila jibu humwondolea mshitakiwa mmoja.

Betri ilikuwa na kipimo chake, haidromita, ambayo hupima uzito wa asidi. Katika nchi za baridi asidi ya betri iliyojaa husoma karibu 1.280 ikilinganishwa na maji, na ikishuka karibu na 1.200 betri imebakiwa na nusu. Lakini katika nchi za joto viwanda viliagiza asidi nyepesi zaidi, ili joto lisiharibu sahani upesi. Huko betri iliyojaa iliweza kusoma karibu 1.220 tu. Fikiri sasa juu ya fundi wa Makindu aliyesoma kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya London. Angeiona betri iliyojaa, aiite nusu, aishindilie umeme mpaka ife. Chombo chake hakikusema uongo. Uongo ulikuwa katika kuchukua kipimo cha nchi moja na kukitumia katika nchi nyingine bila kufikiri.

Hata maji ya Kiboko yalikuwa na somo. Kwa rejeta yenye kiu yalikuwa neema, na madereva waliyashukuru. Kwa betri hayakufaa, kwa maana maji yaliyopita katika mawe huchukua chumvi, na chumvi huharibu sahani za risasi. Betri hutaka maji yaliyotoneshwa, au angalau maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi. Hivyo mtu aliweza kusimama kando ya mto utiririkao na huku betri yake imekauka, asiwe na tone la kuipa.

Ni nani waliokuwa na maarifa haya? Vitabu huwataja wavumbuzi wa Ulaya na Marekani, na ni haki watajwe. Lakini gari lililokwama katika njia ya Mombasa halikutengenezwa na mvumbuzi. Lilitengenezwa na fundi wa Kihindi aliyejifunza kazi katika reli au karakana, na mara nyingi lilitengenezwa na Mwafrika aliyeitwa taniboi, msaidizi wa dereva, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga hendeli, kuteka maji, kufunga mizigo na kulala chini ya lori. Huyo hakupewa cheti. Alijifunza kwa kutazama: mshale ulielekea wapi kabla taa hazijafa, harufu gani hutoka dainamo ikiungua, waya gani hulegea katika njia yenye mawimbi. Na jambo la waya kulegea halikuwa dogo, kwa kuwa waya wa betri ukichomoka injini ikienda kasi, dainamo ya brashi tatu hupandisha volti bila kizuizi na kuunguza taa zote kwa mara moja. Wakamba tangu zamani walisifika kwa uhunzi, na minyororo yao myembamba ilijulikana mbali. Mikono iliyozoea kazi ya namna hiyo haikuwa migeni kwa waya wa shaba.

Vita Kuu ya Pili, mwaka 1939 mpaka 1945, viliongeza idadi ya wajuzi. Maelfu ya vijana wa Afrika ya Mashariki, na miongoni mwao Wakamba wengi, waliingia jeshini. Wengine wakafundishwa udereva na ufundi wa magari, wakafika Ethiopia, Madagaska na Burma. Waliporudi nyumbani walikuwa wamejifunza kazi kwa utaratibu: kupima kwanza, kufungua baadaye. Maarifa ambayo taniboi aliyapata kwa miaka mingi ya kukisia, askari fundi aliyapata kwa miezi michache ya mafunzo, na wote wawili wakakutana katika karakana za miji na vituo vya njiani.

Mwaka 1953 njia zetu zilipata mtihani wa hadharani, mashindano ya magari yaliyokuja kuitwa Safari, ambayo yalianzishwa kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalikimbia mchana na usiku katika vumbi na matope. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7 tu. Mwaka 1965 mashindano hayo yalishindwa na Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, pamoja na ndugu yake Jaswant, katika gari la Volvo lililokuwa limekwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva maarufu, na ushindi wake uliwakumbusha watu kwamba gari kuukuu lililokaguliwa vizuri laweza kulipita gari jipya lililoaminiwa tu.

Wakati huo huo mashine zenyewe zilikuwa zikibadilika. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilianza kuuza gari la Valiant likiwa na altaneta badala ya dainamo, na kampuni nyingine zikafuata. Altaneta hutoa umeme wa kutosha hata injini ikienda polepole, na hulindwa na vipande vidogo vya silikoni vipitishavyo umeme upande mmoja tu. Hapo ikatokea ajali ya maarifa. Palikuwa na kipimo cha zamani kilichopendwa na mafundi wengi: kuondoa waya wa betri injini ikiwaka, na kusema kwamba injini ikiendelea kuzunguka, chaji ni nzuri. Hata katika zama za dainamo kilikuwa kipimo kibaya. Katika gari la magineto hakikuthibitisha neno lolote, na katika dainamo ya brashi tatu kiliweza kuunguza taa. Katika gari la altaneta huweza kuvivunja vile vipande vya silikoni mara moja. Fundi alikuja kupima chombo kizima, akakiacha kibovu, kisha akamwambia mwenye gari, "Unaona? Nilijua imekufa." Kipimo kisichoeleweka ni hatari kuliko kutopima.

Leo lami imefunika vumbi la njia ya Mombasa, na tangu mwaka 2017 treni za reli mpya zapita katika nchi hiyo ya Makueni. Motokaa za brashi tatu zimebaki katika majumba ya makumbusho na kwa wachache wapendao vya kale. Lakini kisa chake hakijazeeka. Katika nyumba nyingi za Ukambani leo kuna kioo cha jua juu ya bati na betri chini ya meza. Jua ndilo dainamo. Chombo kidogo kilichotundikwa ukutani huzuia umeme wa betri usirudi nyuma usiku, kazi ile ile ya katauti ya zamani. Na taa ya mtoto asomaye ndiyo taa ya motokaa. Baba akilalamika kwamba betri aliyoinunua mwaka jana imekufa, na akataka kununua nyingine, mwana aliyesoma hana budi kuuliza kwanza: kiasi gani kiliingia, kiasi gani kilitoka, na nani aliyekipima?

Swali hilo ni dogo, lakini limeokoa fedha nyingi na usiku mwingi. Wazee wa njia ya Kiboko hawakuwa na mashine bora kuliko zetu. Zao zilikuwa dhaifu kwa kila hali. Walichokuwa nacho waliokuwa hodari miongoni mwao ni desturi ya kutazama mshale kabla ya kuondoka, na kukataa kuridhika kwa sababu gari linakwenda. Mwanafunzi atakayeichukua desturi hiyo, akaitumia katika betri, katika mfuko wake wa fedha na katika kazi yake ya darasani, hatashangazwa na giza linapoingia, maana habari yake atakuwa amekwisha kuipata asubuhi.